Kushusha Injini ya Volkswagen Beetle Nyumbani

Kati ya magari madogo ya zamani ambayo wenyewe huyafufua uani, bila shimo la gereji, bila winchi na mara nyingi bila fundi wa kulipwa, Volkswagen Beetle ni miongoni mwa yale yanayotolewa injini kwa urahisi zaidi, na urahisi huo haukutokea kwa bahati. Mazungumzo haya yanaichambua kazi ya kuishusha injini hiyo, lakini hayataishia kwenye bolti zinazoishikilia, kwa kuwa bolti ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Hoja kubwa itahusu mabati na mipira inayoizunguka injini, yaani vitu vinavyofunguliwa kwanza, vikawekwa kando kana kwamba ni urembo tu, na katika magari mengi havirudishwi tena, ilhali injini inayopozwa kwa upepo haidumu bila hivyo.

Gari lenyewe lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 chini ya Ferdinand Porsche, na injini yake, yenye silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, ilichorwa na Franz Xaver Reimspiess, mhandisi wa Austria aliyekuwa katika ofisi ya Porsche. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Wolfsburg kilisimamiwa na jeshi la Uingereza, ambapo Meja Ivan Hirst ndiye aliyeufufua utengenezaji, na kuanzia 1948 uongozi ukashikwa na Heinrich Nordhoff, ambaye sera yake ilikuwa kuliboresha gari hilo hatua kwa hatua bila kulibadilisha umbo. Tarehe 17 Februari 1972 idadi ya magari yaliyotengenezwa ilifika 15,007,034 na kuipita Ford Model T, na la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, jumla ilikuwa 21,529,464. Katika muda huo wote ujazo wa injini ulipanda kutoka sentimita za ujazo 1131 za miaka ya baada ya vita hadi 1584, lakini mpangilio wa silinda, namna ya kupoza na namna ya kuifunga injini kwenye gari vilibaki vilevile katika misingi yake. Afrika Mashariki nayo ililifahamu gari hilo mapema, kwa kuwa katika mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen iliibuka mshindi miaka ya 1954, 1957 na 1962, na sababu moja ya mafanikio hayo ni kwamba uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, jambo linalolisaidia gari kushika njia penye matope, na sababu nyingine ni kwamba halikuwa na maji ya kuchemka.

Ili kuelewa kwa nini injini hii hushushwa kwa urahisi, ni lazima kwanza kuangalia mahali ilipo. Imekaa nyuma kabisa ya gari, na mbele yake kuna giaboksi, yaani kasha la gia zinazobadili mwendo, ambalo ndilo lililofungwa kwenye fremu ya gari kwa mipira minene. Injini yenyewe haina mguu wake wa kusimamia. Inaning'inia nyuma ya giaboksi kwa bolti na nati nne tu, mbili juu na mbili chini, zote za kufunguliwa kwa spana ya milimita 17. Waya wa klachi, fito za kubadilishia gia na shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu vimeunganishwa na giaboksi, kwa hiyo vyote hubaki mahali pake injini inapoondoka. Katika gari la kawaida lenye injini mbele, anayetaka kuitoa humwaga maji ya rejeta, hufungua mabomba yake, hufungua vishikio vya injini, kisha hutafuta winchi ya kuinyanyua juu ya taa na grili. Hapa hakuna maji, hakuna rejeta, na injini haipandi bali inashuka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba baadhi ya vipimo hupatikana kwa wepesi zaidi injini ingali garini. Mgandamizo wa kila silinda, ambao ndio unaoonyesha hali ya pistoni na valvu, hupimwa injini ikiwa bado na starta yake na betri yake, na mtu akiishusha kabla ya kupima atakuwa amejinyima ushahidi ambao baadaye ataupata kwa taabu. Kadhalika kuna mchezo wa krankshafti, yaani ule mwendo mdogo ambao mhimili mkuu wa injini huufanya kwenda mbele na nyuma ndani ya nyumba yake. Huhisiwa kwa kuishika puli ya nyuma na kuivuta na kuisukuma, na katika injini iliyo nzima haupaswi kuzidi milimita 0.15. Puli ikicheza kwa kiasi cha kusikika mlio wa kugonga, huenda uharibifu umeshafika kwenye kasha la injini, na katika hali hiyo anayefufua gari hana budi kupanga bajeti ya ovaholi kamili na si ya rangi na gasketi peke yake. Ni busara pia kuisoma namba ya injini, iliyochongwa kwenye kasha chini ya kiti cha dinamo, na kuilinganisha na karatasi za gari, kwa sababu urahisi uleule wa kutoa injini umefanya magari mengi ya aina hii yawe na injini isiyo yao ya asili.

Hatari za kazi hii ni tatu, na mbili kati yake zinahusu moto. Betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo springi za kiti, kifuniko cha betri kikiwa kimepotea, huweza kugusa vichwa vyake na kuwasha majani ya kujazia kiti. Kwa hiyo waya wa betri huondolewa kabla ya kitu kingine chochote. Tangi la petroli liko mbele, na kwa kuwa liko juu kuliko bomba linalofika kwenye injini, petroli huendelea kutiririka mpira wake unapochomolewa, kwa hiyo mpira huo hubanwa kwanza, kisha huzibwa kwa bolti yenye kipenyo kinacholingana nao. Mipira ya petroli iliyozeeka, hasa ile iliyofunikwa kwa uzi wa kusukwa unaoficha nyufa, imeteketeza magari mengi ya aina hii, na hakuna sababu yoyote ya kuirudisha. Moto ukishatokea huwa na ukaidi wa pekee, kwa maana kasha la injini limetengenezwa kwa aloi ya magnesi, metali nyepesi ambayo ikishika moto haizimwi kwa maji, bali maji huuchochea zaidi. Ndoo ya mchanga mkavu karibu na mahali pa kazi ina maana kuliko ndoo ya maji.

Hatari ya tatu ni uzito. Injini yenye vifaa vyake ina kilo zipatazo 90 katika matoleo madogo na hupita 110 katika yale makubwa, na gari lililonyanyuliwa juu yake ni zito mara kadhaa. Breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayoondoka ardhini, kwa hiyo gari lililonyanyuliwa nyuma halina kinacholizuia kusogea isipokuwa vigingi vinavyowekwa kwenye magurudumu ya mbele. Stendi huwekwa chini ya ncha za bomba nene linalobeba springi za msokoto, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, na sakafu iwe ngumu, kwa kuwa stendi juu ya udongo huzama upande mmoja bila taarifa. Sehemu za kiwandani za kuwekea jeki, zilizo kando ya sakafu ya gari, hazifai kuaminiwa katika gari la umri huu, kwani ndizo zinazotangulia kuliwa na kutu. Kimo kinachohitajika huwashangaza wanaoifanya kazi hii kwa mara ya kwanza: ukingo wa chini wa bati la nyuma la bodi unapaswa kuwa karibu sentimita 90 kutoka ardhini ili injini yenye kasha la feni ipite chini yake, ingawa anayetangulia kuondoa kasha hilo hupunguza kimo hicho.

Baada ya hayo kinachofuata ni kutenganisha, na hapa kazi haina mengi ya kueleza. Waya za koili, za swichi ya presha ya oili, za choki ya umeme na za dinamo huchomolewa na kila mmoja kuandikwa alama. Wekundu au weusi wa waya si ushahidi wa kutosha, kwa sababu katika gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi rangi za asili zimeshabadilishwa. Waya wa aksileta una mtego wake: unaingia kwenye kabureta baada ya kupita ndani ya kijibomba kilichotoboa kasha la feni, na mtu akiufungua kwenye kabureta pasipo kuuvuta mbele utoke kabisa kwenye kijibomba hicho, injini itaondoka nao na kuukunja. Mabomba mawili makubwa ya joto, yaliyo kushoto na kulia, huchomolewa pamoja na waya zinazofungua na kufunga hewa ya moto, kisha bati la nyuma linalofunika nafasi kati ya injini na bodi hufunguliwa skrubu na kuondolewa.

Ndipo hufikiwa zile bolti nne. Nati mbili za chini huonekana na hufunguliwa na mtu mmoja aliyelala chini ya gari. Zile za juu hazionekani. Ziko nyuma ya kasha la feni, hufikiwa kwa mkono unaopapasa, na bolti ya juu upande wa kulia ndiyo hiyo hiyo inayoishikilia starta, kwa hiyo katika magari mengi mtu mmoja hushika kichwa cha bolti kutoka chini na mwingine huzungusha nati kutoka juu, wakielekezana kwa sauti bila kuonana. Hapo pana nafasi ya kusema kwamba vitabu vinavyoiita kazi hii ya mtu mmoja vinafuata mantiki ya kiwandani, mahali ambapo nati hazina kutu.

Jeki ya magurudumu, ikiwa na ubao juu yake, huwekwa chini ya injini kabla ya nati za mwisho kulegezwa, na hunyanyuliwa mpaka ichukue uzito wote bila kuusukuma juu. Sababu ya uangalifu huo ni shafti ya giaboksi, ambayo imeingia katikati ya sahani ya klachi, yaani ile sahani inayobanwa na kuachiwa ili kuunganisha na kukata nguvu ya injini. Injini ikiachwa ining'inie juu ya shafti hiyo, hata kwa dakika chache, sahani hupinda na klachi itatetemeka siku zote za maisha yake. Injini huvutwa nyuma moja kwa moja, kwa kuiyumbisha polepole kushoto na kulia, kiasi cha sentimita kumi hivi mpaka shafti itoke yote, na ndipo tu jeki huteremshwa. Asiye na jeki ya kushuka chini vya kutosha huiteremsha injini juu ya ubao, kisha huiburura nje; njia hiyo haina heshima ya kitaalamu, lakini katika nyua nyingi ndiyo inayotumika.

Injini ikishatua, jicho huvutwa na chuma, nako kunakostahili kutazamwa zaidi ni kwenye mabati. Upepo wa kupoza hutoka kwenye feni iliyofungwa kwenye mwisho mmoja wa shafti ya dinamo, na mwisho wa pili wa shafti hiyo una puli inayozungushwa na mkanda kutoka krankshafti. Kwa mpangilio huo mkanda ukikatika, chaji na upoaji hufa pamoja, na taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi ndiyo huwa onyo la joto katika gari lisilo na geji ya joto. Kasha la feni huugawa upepo kushoto na kulia, mabati ya juu ya silinda huulazimisha upite katikati ya mapezi, yaani zile sahani nyembamba zinazoizunguka kila silinda ili kupoteza joto, na vibati vidogo vya chini ya silinda huubana uzungukie mpaka upande wa chini badala ya kukimbilia pembeni. Upepo uliokwisha kupata joto hutupwa chini ya gari. Pembezoni mwa chumba cha injini kuna mpira unaozunguka pande zote na kuziba nafasi kati ya mabati na bodi, na kazi yake ni kuitenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, ambako pia kuna eksozi. Mpira huo ukikosekana, feni huivuta tena hewa ileile iliyotoka kwenye silinda, na injini hujipoza kwa joto lake yenyewe. Hata vile vifuniko vidogo vya mpira kwenye waya za plagi vina sehemu katika kazi hiyo, kwani kila tundu lisilozibwa ni mlango wa upepo kupotea.

Kwa hiyo inapasa kulaumu, na kulaumu kwa uwazi, desturi ya kuyaona mabati hayo kuwa mzigo. Vibati vya chini ya silinda hukosekana katika injini nyingi zilizowahi kufunguliwa, kwa kuwa havionekani na gari huwaka bila hivyo. Katika nchi za joto mabomba ya kupasha moto ndani ya gari huondolewa kwa hoja kwamba hayahitajiki, na hoja hiyo ni sahihi, hasa pale ambapo masanduku yanayochukua joto la eksozi yameoza na yanaweza kupenyeza moshi wa sumu hadi kwa abiria. Kosa huja pale ambapo matundu mawili ya kasha la feni yaliyokuwa yakiyalisha mabomba hayo huachwa wazi, na sehemu ya upepo wa kupoza ikavuja humo mchana kutwa. Thermostati nayo, ambayo ni kiriba kidogo cha metali kilicho chini ya silinda za kulia na hufungua mabapa ya upepo injini inapopata joto, hung'olewa kwa hofu kwamba ikiharibika itaufunga upepo, wakati kiriba hicho kimebuniwa kinyume cha hofu hiyo: kikipasuka hutanuka, na mabapa yakabaki wazi. Kuhusu mabati mapya ya kung'arisha kwa kromu yanayouzwa kwa wapenzi wa magari haya, yatosha kusema kwamba mengi hayakai sawasawa na hivyo huacha nyufa, na kwamba bati la kale lililonyooshwa na kupakwa rangi nyeusi lina faida kuliko hayo.

Umuhimu wa upepo huo huonekana zaidi katika silinda ya tatu, iliyo upande wa kushoto karibu na giaboksi. Katika injini za miaka mingi kipoza oili kilisimama ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hiyo hasa, na upepo ulioifikia ulikuwa umeshachukua joto la oili. Ndiyo maana valvu ya eksozi iliyozoeleka kuvunjika ilikuwa ya silinda hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilikihamishia kipoza hicho kwenye kijisanduku chake nje ya njia kuu ya upepo. Anayeifufua injini ya zamani zaidi hana haja ya kubadilisha mpangilio huo ikiwa anataka gari libaki katika hali ya asili, ila atambue kwamba injini yake haina ziada ya upepo ya kuchezea.

Ukaguzi wa upande wa klachi ni mfupi na una thamani kubwa. Oili iliyolowesha flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krankshafti, yaweza kuwa ya injini au ya giaboksi, na pua hutofautisha, kwa kuwa oili ya gia ina harufu ya kiberiti. Kutokana na hilo hujulikana ni sili ipi ya kubadilishwa, na kwa vile sili zote mbili ni za bei ndogo na sasa zimefikika, kuzibadilisha pamoja ni akili. Flaiwili hushikiliwa na nati moja tu ya milimita 36, inayokazwa kwa nguvu inayozidi nyutonimita 300, na hakuna spana ya kawaida inayoilegeza bila bomba refu la kuongezea mkono. Beringi ya klachi haioshwi kwa petroli, kwa sababu grisi yake iliwekwa kiwandani na haitarudishwa. Anayepanga kuweka injini ya baadaye kwenye gari la zamani ahesabu kwanza meno ya flaiwili: flaiwili ya mfumo wa umeme wa volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130 na kipenyo kikubwa zaidi, na flaiwili hiyo kubwa haizunguki ndani ya giaboksi ya zamani mpaka kasha lake lichongwe kwa ndani.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, kwa tofauti chache. Sahani ya klachi husawazishwa katikati kwa kijishafti cha bandia kabla ya kukazwa, na shafti ikikataa kuingia, gia huwekwa kisha puli huzungushwa kidogo mpaka meno yakutane. Bolti hazitumiwi kuivuta injini mahali pake, kwani kinachovunjika hapo ni kasha la magnesi. Na kabla injini haijasogezwa chini ya gari, bati la mbele, lile linaloelekea giaboksi, liwe limeshafungwa pamoja na mpira wake, kwa sababu nafasi iliyobaki baada ya injini kukaa haipitishi mkono wala bisibisi, na atakayelisahau atalazimika kuzifungua tena zile bolti nne.